Nani Alimfuata Nani

Barabara yetu ilikatika vipande viwili usiku wa kuamkia Jumatano. Kipande cha magharibi kilibaki mahali pake, mashariki ya Dodoma mjini, kati ya vilima vya mawe na mashamba ya uwele. Kipande cha pili, kilomita nne na ushee pamoja na makalavati yake yote, kilikuwa kimehamia jirani na milima ya Mahale, kwa sokwe, umbali wa kilomita zipatazo 664. Mwenzetu wa madaraja alituma ujumbe kwenye grupu saa nane za usiku: "Jamani, nani kaihamisha barabara?" Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alidhani ni yeye.

Mwaka ulikuwa 2019. Tulikuwa watano, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi ujenzi, na kazi yetu ilikuwa kusanifu barabara ya vumbi ya kilomita tisa ili siku moja, Mungu na bajeti wakipenda, iwekwe lami. Chuo sikitaji, na barabara yenyewe nitaiita "ile barabara", maana wanaokaa kando yake hawakunipa ruhusa ya kuwaanika. Mmoja wetu alishika njia yenyewe, yaani mstari wa katikati, kona na miinuko; huyo ni mimi. Mwingine alishika udongo, mwingine maji na mitaro, mwingine madaraja. Wa tano, dada mmoja mpole aliyependa kuchora kwa mkono, alipewa kazi ambayo sote tuliiona ndiyo nyepesi: nyumba, miti, nguzo za umeme, makaburi. "Vitu vilivyopo," ndivyo tulivyoviita.

Waliotutangulia walifanya kazi hiyo kwenye karatasi, kila mtu na meza yake, kisha michoro ikakutanishwa mwishoni na kugundulika kwamba kalavati la fulani linapita katikati ya kilima cha mwenzake. Sisi tulitakiwa tujenge modeli moja ya pamoja. Ndiyo hiyo wanayoiita BIM: unachora kitu mara moja tu, na kila kitu kinabeba taarifa zake. Kalavati si mistari miwili kwenye karatasi, ni kalavati linalojua kipenyo chake, kina chake, zege lake na bei yake. Mwenye njia akishusha barabara nusu mita, mwenye maji anaona hapohapo kwamba mtaro wake umeanza kupanda kilima. Vitu viwili vikikaa mahali pamoja, programu inapiga kelele.

Wazo lenyewe lina umri kunizidi. Mmarekani Charles Eastman aliliandika mwaka 1975: badala ya michoro mingi inayogombana, liwepo elezo moja la jengo ndani ya kompyuta, na michoro yote itoke humo. Jina tunalolitumia leo lilianza kuonekana kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1992. Uingereza ikaifanya kuwa sharti la miradi ya serikali kuu mwaka 2016. Lakini ona kichekesho hiki: ni teknolojia iliyozaliwa kwa ajili ya majengo. Ule mfumo wa pamoja wa kubadilishana mafaili, IFC, kwa miaka mingi ulijua mlango ni nini, dirisha ni nini, hata ngazi, ila haukujua barabara. Toleo lenye barabara, reli na madaraja lilikuja kupitishwa rasmi kama kiwango cha kimataifa mwaka 2024. Sisi mwaka 2019 tulikuwa tunaiambia kompyuta kwamba tuta letu la udongo ni aina fulani ya sakafu ndefu sana. Ikakubali. Kompyuta haina aibu.

Nirudi Mahale.

Wapima dunia wameikata dunia vipande 60 kama chungwa, kila kipande nyuzi sita za longitudo, na kila kipande kina hesabu zake za mashariki na kaskazini. Kanda ya 36 inaishia longitudo ya 36. Kanda ya 37 inaanzia hapohapo. Na longitudo ya 36, ndugu msomaji, inapita chini ya kilomita 30 mashariki ya Dodoma mjini. Ukikaa Dodoma uko kanda ya 36. Ukienda Mpwapwa au Kongwa uko kanda ya 37. Reli ya zamani inauvuka mstari huo, na treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu 2024 inauvuka pia. Abiria hawatikisiki hata kidogo. Ile barabara nayo inauvuka. Mwenzetu mmoja aliweka vipimo vyake kwa hesabu za kanda ya 37, modeli ikavisoma kama vya kanda ya 36, basi kijiji kizima kikaruka hadi ukingo wa pili wa kanda, longitudo ya 30, karibu na Ziwa Tanganyika.

Nilipoiona ile 30 nilicheka, maana historia ya ramani zetu imening'inia hapo. Mwishoni mwa karne ya 19, David Gill, mnajimu wa Waingereza kule Rasi ya Tumaini Jema, alitaka dunia ipimwe kwa mnyororo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30. Kazi ilimshinda umri. Kipande cha Tanganyika kilipimwa miaka ya 1930 na Martin Hotine, afisa wa jeshi, akipandisha vyombo vyake juu ya milima ya magharibi. Pengo la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Kutokana na mnyororo huo tukapata msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ambao ramani zetu nyingi za zamani zimesimama juu yake. Na huyohuyo Hotine ndiye aliyeongoza ile idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa London mwaka 1946, iliyochora ramani za 1:50,000 kutokana na picha za ndege. Kwa hiyo barabara yetu ilipopotea, ilipotelea kwa babu yake.

Kosa la kanda tulilitatua kabla ya uji wa asubuhi. Tukapatana kwamba kila kitu kitakaa kanda ya 36, hata kile kilichovuka mstari. Kwa umbali mfupi vile hesabu zinavumilia. Lilipoisha hilo likaja la pili, dogo kwa kuliangalia, na ndilo lililoniletea aibu ninayoisimulia leo.

Dada wa "vitu vilivyopo" alikuwa ameipata ramani ya zamani ya eneo lile, ya 1:50,000. Aliiskani na kuzichora nyumba zote alizoziona: vidoti vyeusi vidogo, kama mtu aliyepukutisha mbegu za ufuta kwenye meza. Akaviweka kwenye leya yake ndani ya modeli. Mimi nilikuwa nimeshaweka picha ya setilaiti, na nyumba za kweli zilionekana wazi zikiwa zimejipanga mstari mmoja kando ya barabara, bati kwa bati. Vidoti vyake havikukaa juu ya nyumba hata moja. Vilikuwa vimetawanyika huko mlimani, vingine katikati ya korongo. Nikakumbuka somo: kati ya Arc 1960 na vipimo vya GPS kuna tofauti ya karibu mita 300. Nikasema basi hilo ndilo tatizo. Nikavisogeza. Havikukaa bado. Nikavisogeza tena, safari hii kwa usahihi, kwa hesabu zote. Kile cha kwenye korongo kilitoka kikapanda ukingoni, vizuri kabisa, lakini hakuna hata kidoti kimoja kilichoangukia nyumba.

Nikaviita uchafu. Nikaifuta leya.

Wasomaji wa hapa mnaijua tamthilia ya Edwin Semzaba, ile ya Ngoswe, karani wa sensa ambaye karatasi zake ziliishia motoni. Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kumlaumu Ngoswe. Mimi hata mapenzi ya kunipoteza sikuwa nayo. Nilibonyeza kitufe, nikaenda kunywa chai.

Kabla sijaeleza kilichofuata, niseme kidogo kuhusu ardhi yenyewe, maana mwenzetu wa udongo alikuwa ameshaanza kulalamika. Ugogo ni nchi kavu inayodanganya. Dodoma hupata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine korongo ni barabara ya mchanga, ng'ombe wanapita, watoto wanacheza mpira humo. Halafu siku moja mvua inanyesha huko juu, wewe huioni hata wingu, na maji yanashuka rangi ya kahawa ya maziwa yakiwa yamebeba magogo. Kwenye mabonde kuna udongo wa mbuga, ule mweusi: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unavimba na kunasa. Weka lami juu yake bila kuutoa au kuutibu, na baada ya misimu miwili barabara yako ni mawimbi.

Wenyeji walilijua hilo kabla ya maabara. Jina la Dodoma lenyewe, kwa masimulizi yanayojulikana zaidi, linatokana na neno la Kigogo, idodomya, limezama, kwa sababu ya tembo aliyenasa kwenye tope akikunywa maji mtoni. Mwenzetu wa udongo aliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Alitaka kuiweka kwenye ripoti kama kipimo cha kwanza cha uwezo wa udongo wa Dodoma kubeba uzito: mzigo mmoja, tembo; matokeo, umezama.

Waliopita hapa zamani walipita kwa kufuata maji. Misafara ya karne ya 19, ya pembe na ya watumwa, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipofika Ugogo ilisimama kwa watemi kulipa hongo. Burton na Speke walipita na kulalamika, Stanley mwaka 1871 akapita na kulalamika zaidi. Wageni waliandika hongo kama unyang'anyi. Mimi nikiitazama kwa jicho la mhandisi naona kitu kingine: visima vilikuwa vya watu, vimechimbwa na vinatunzwa, na anayeingia na wapagazi mia kadhaa katika nchi yenye maji haba anakuja kuvimaliza. Njia ilikuwepo pale kwa sababu watu walikuwepo pale. Hilo mlishike, nitalirudia.

Wajerumani wakaja na reli. Walianzia Dar es Salaam mwaka 1905, Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Kigoma mwaka 1914. Reli ilipanda kutoka Kilosa kwa kulifuata bonde la mto, jambo la busara kwa upande wa miinuko na la hatari kwa upande wa maji. Mto umekuwa ukidai bonde lake mpaka leo. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe na treni zikasimama.

Kongwa nayo siwezi kuiruka, ingawa imesimuliwa sana. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu watatu kuangalia kama Tanganyika inaweza kulimwa karanga kwa mashine. Walitumia wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa angani. Mwaka uliofuata zikaja trekta, nyingine zimetengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikakataa kung'oka. Kiangazi kilipofika, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa tofali, karanga zikabaki zimefungiwa humo chini. Mto Kinyasungwe ukafurika ukaikata reli. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Watu hueleza Kongwa kama hadithi ya kiburi, na ni kweli. Ila ukiwa umekaa mbele ya modeli ya pamoja unaiona pia kama hadithi ya leya zilizokosekana. Wagogo wa pale walijua mvua na udongo. Hakuna aliyewauliza wakiwa wameketi meza moja na wenye trekta.

Na mimi, mjuaji wa Kongwa, nilikuwa nimeshafuta leya yangu.

Tulikwenda uwandani mwezi wa Agosti. Tuligawana: wengine na vifaa vya kupimia, wengine na majembe ya kuchimba mashimo ya udongo. Dada wa nyumba aliniomba nimsindikize kuhakiki makaburi, maana makaburi kwenye njia ya barabara ni jambo zito, yana utaratibu wake wa kuhamishwa na fidia yake. Tulipiga hodi kwenye nyumba moja ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, nje kuna mama mmoja mtu mzima sana anapepeta uwele. Dada akasema "Mbukwenyi!" kwa lafudhi ya kujifunza jana. Bibi akacheka, akaitikia, akatuletea vigoda. Tukampa shikamoo, akaipokea, akauliza sisi ni wa wapi, mama zetu hawajambo, na kama tumekula.

Tukamwonyesha mchoro. Akatazama mstari wangu mwekundu, kisha akatuuliza swali moja tu: "Unapita upande gani, wanangu?"

Nilimweleza. Kona iliyo mbele ya nyumba yake ilikuwa kali mno kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa tuliopewa na mwalimu, kwa hiyo nilikuwa nimeinyoosha, na kuinyoosha kumeusogeza mstari wa katikati mita tano kuja upande wake. Ukuta wake ulikuwa mita 24 kutoka katikati ya barabara ya sasa. Kwenye modeli ulikuwa mita 19.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mtanzania yeyote anayeishi kando ya barabara kuu analijua kwa moyo. Zamani hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Ndipo zikaja zile alama za X. Uliye ndani ya 22.5 unapigwa X nyekundu: uliingia kwenye hifadhi, utabomoa mwenyewe, hulipwi. Uliye kati ya 22.5 na 30 unapigwa X ya kijani: barabara imekukuta, utalipwa. Mtaani wameifupisha sheria yote hiyo kuwa swali moja, nalo huulizwa kwa watu wazima kama mtihani: wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata?

Mimi nilikuwa nimeiandikia modeli yetu fomula ya kujibu swali hilo. Nilijivunia fomula ile. Ilipima umbali wa kila nyumba kutoka mstari wa katikati, ikaipaka rangi. Chini ya 22.5 nyekundu, mpaka 30 kijani. Nyumba ya bibi ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimepima kutoka kwenye mstari wangu mimi, uliochorwa mwezi wa Julai 2019 kwenye chumba cha kompyuta, kana kwamba ulikuwepo siku zote na bibi ndiye aliyeusogelea.

Kosa hilo nililiona palepale nikiwa nimekaa kwenye kigoda, jasho likanitoka. Lakini lilikuwa dogo. Dada wa nyumba aliuliza, kwa adabu, "Bibi, hapa mmekaa tangu lini?"

"Hapa tuliletwa," akasema. Akanyoosha mkono kuelekea mlimani. "Kwetu ni kule juu."

Kule juu palikuwa na vidoti vyangu.

Alituhadithia kwa utulivu, huku akiendelea kupepeta. Walikuwa wakiishi kwenye tembe, zile nyumba za Kigogo za paa bapa la udongo, ndefu, zizi la ng'ombe katikati, kila ukoo na sehemu yake, mbali na wenzao kwa sababu ng'ombe wanataka nafasi. Mwaka 1971 ikaja Operesheni. Yeye aliiita hivyo tu, Operesheni. Ndiyo Operesheni Dodoma, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, miaka miwili kabla ya Mwalimu kutangaza mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Ndio wakati Mwalimu mwenyewe alipiga kambi Chamwino akifyatua matofali na wanakijiji. Bibi hakuwa na uchungu wa kuonyesha. Alisema shule ilikuja, na bomba, ingawa bomba lilikufa. Alisema tu kwamba walipimiwa viwanja kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, mstari, na mstari wenyewe ulifuata barabara, kwa sababu lori la mahindi ya njaa na gari la bwana shamba lazima yafike.

Basi nani alimfuata nani? Sheria inajua majibu mawili. Bibi yule ana la tatu: yeye hakuifuata barabara na barabara haikumfuata, walikutanishwa na serikali ileile ambayo siku moja itakuja na kopo la rangi. Na hayuko peke yake. Vijiji vingi vya nchi hii vimejipanga kama meno kando ya barabara si kwa hiari ya wenye nyumba. Ukiruka na ndege juu ya uwanda wa kati utaona mistari hiyo. Mtu asiyejua atasema, ona watu wanavyopenda kusogelea lami.

Mwaka 1973, wakati vumbi la Operesheni halijatulia, TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Wataalamu wa Toronto wakachora mpango wa mji mwaka 1976, na ni mpango ambao bado nausoma kwa heshima: mji usio na majivuno, wa watu wanaotembea kwa miguu na baiskeli na mabasi, uliojengwa kutoka nyumba kumi kwenda juu. Ni picha nzuri ya watu wanaokaa pamoja. Haielezi walifikaje hapo, wala mpango wa mji haukuwahi kudaiwa kueleza. Mamlaka iliyoundwa kuutekeleza ilivunjwa mwaka 2017, ikiacha migogoro ya viwanja ambayo wenyeji wa Dodoma watakusimulia bila kuombwa.

Usiku ule gesti niliirudisha leya. Programu za pamoja zina wema huo, huhifadhi matoleo ya nyuma. Ngoswe hakuwa nayo. Vidoti vikarudi mlimani, 43 kwa hesabu yetu, mahali pake sahihi baada ya ile mita 300. Dada wa nyumba hakunisema. Aliipa leya jina, Nyumba_1971, kisha akafungua sehemu ya taarifa ya kila nyumba ya sasa na kuongeza safu moja: mwaka wa kufika, na aliyemleta. Programu ikakubali safu hiyo bila ubishi, kama ilivyokubali kwamba tuta ni sakafu. Kwa siku tatu zilizobaki tulikwenda nyumba kwa nyumba kuijaza. Fomula yangu niliifuta, na kona niliinyoosha upande wa pili, penye shamba lisilo na nyumba. Gharama ya udongo iliongezeka kwa sababu upande huo una mbuga, na mwenzetu wa udongo alininunia wiki nzima.

Siku ya kuwasilisha, mmoja wa wakaguzi alitazama modeli ikizunguka ukutani, akasifu makalavati, kisha akauliza vile vidoti vya mlimani ni nini. Tukaeleza. Akasema kwa upole kwamba hiyo ni historia, sisi tulitakiwa kuleta usanifu, tuviondoe kwenye michoro ya mwisho. Alama zetu zilikuwa nzuri. Tulivizima, hatukuvifuta; ukiizima leya haionekani kwenye karatasi lakini imo. Nakiri hatukubishana naye. Tulitaka kuhitimu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumechapa nakala moja kubwa yenye vidoti vyote, nyumba za zamani na za sasa pamoja, na mwenzetu wa maji, ambaye shemeji yake anaendesha basi la njia ile, akampelekea bibi. Jibu lilirudi kwa simu ya mjukuu wake wiki mbili baadaye. Bibi alikuwa ameitandika ramani chini, amewaita wazee wenzake, wameikagua tembe moja baada ya nyingine kwa majina. Alisema tumefanya vizuri ila tumesahau mbuyu uliokuwa kati ya zizi la kaka yake na kisima, na kwamba mbuyu huo bado upo, twende tukauone kama hatuamini.

Hatukwenda, mitihani ilikuwa imeanza. Dada wa nyumba aliuchora kwa kukadiria, duara moja la kijani, akauweka kwenye leya yake peke yake. Kitaalamu uko ng'ambo ya longitudo ya 36, lakini tuliuacha kanda ya 36 pamoja na vingine vyote.